Hapit na Sapar: miezi ambayo Wasunda hawafungi ndoa

Ukitaka kuoa binti wa Kisunda, usianze kwa kuulizia mahari. Ulizia mwezi. Mahari kule haisumbui sana: vazi la kusalia, msahafu, gramu chache za dhahabu, na shughuli inakwenda. Ila ukipeleka posa yenye tarehe iliyoangukia Hapit au Sapar, utakaribishwa vizuri, utamiminiwa chai ya moto isiyo na sukari, utaletewa ndizi za kukaanga, utachekewa na kila mtu sebuleni, na tarehe yako haitajibiwa. Njiani kurudi ndipo mshenga wako atakapokwambia kwa sauti ya chini kwamba wenyeji wamekuona huna mtu mzima wa kukushauri.

Wasunda ndio wenyeji wa Java Magharibi, upande wa Bandung, Garut, Tasikmalaya, Ciamis, na wengine wengi wako Banten. Sensa ya Indonesia ya 2010 iliwahesabu zaidi ya milioni 36, wa pili kwa wingi nchini baada ya Wajava. Karibu wote ni Waislamu, tena Waislamu wa kusoma. Ukipita barabara za Tasikmalaya hukai sana bila kuona kibao cha pesantren, chuo cha bweni ambako vijana wanakesha na vitabu vya fiqhi ya Shafii visivyotiwa irabu. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi wa pwani tukisikia watu wa mbali wanaogopa mwezi, haraka tunasema hao wamesilimu juujuu. Hapana. Wanaoikwepa Sapar ni hao hao wenye tasbihi mkononi.

Tuwekane sawa kwenye miezi kwanza. Hapit ni Mfunguo Pili wetu, Dhulqaada. Uko katikati ya Idi mbili, na Wasunda wanasema ndoa ikifungwa hapo itabanwa kama mwezi wenyewe ulivyobanwa: riziki finyu, nafasi finyu, mke na mume kila siku wanagombania hewa. Sapar ni Mfunguo Tano, Safar. Huo una sababu isiyo na staha hata kidogo, maana watu wazima wanakwambia bila kupepesa macho kwamba huo ni msimu wa mbwa kupandana, na mwanadamu mwenye heshima zake hafungi ndoa wakati mmoja na mbwa. Sasa tafuta mkwe wa kubishana na hoja hiyo.

Mwezi unaotamaniwa ni ule unaofuata Hapit, yaani Dhulhija, ambao Wasunda wanauita Rayagung. Ukifika Rayagung, barabara za vijijini zinafungwa kwa mahema, majirani wanapishana na sahani, na mtu mmoja anaweza kuwa na mialiko mitatu kwa siku, kila mmoja na bahasha yake ya kutoa.

Mimi niliyajua haya kwa kuishi nayo. Nilisoma Bandung, nikapanga chumba Cibiru, upande wa mashariki wa mji, kwa mama mmoja mtu wa Singaparna, upande wa Tasikmalaya. Sote tuliopanga tulimwita Ibu, yaani mama, naye akaniita Neng, jina wanaloitwa mabinti wa nyumbani. Alikuwa mwanamke wa swala tano, hakosi darsa la Jumapili asubuhi, na ukutani jikoni alikuwa na kalenda yenye tarehe za kizungu, za Hijria na za soko la siku tano la Kijava, zote kwenye kisanduku kimoja. Kalenda hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha nyumba. Aliitazama kabla ya kumwita fundi wa paa, na kabla ya kumruhusu mtu ahamie chumba kipya.

Mwaka mmoja binti wa dada yake alichumbiwa. Kijana alikuwa anafanya kazi kiwandani Karawang, mtu mpole, na likizo yake ilikuwa imepangwa na mwajiri: ikaangukia Hapit kabisa. Upande wa kijana ukaja na hesabu zao zote, nauli, siku, idadi ya wageni. Niliombwa nisaidie kupeleka chai, kwa hiyo nilisikia. Mjomba wa kijana alisema kwa adabu, "Punten, samahani, tunaomba kama ikiwezekana iwe tarehe hizi." Baba wa binti akatabasamu, akatazama kikombe, akasema, "Ah, Hapit." Basi. Hakuongeza neno. Mjomba naye akatabasamu, akakunja karatasi yake akaitia mfukoni, wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Walipoondoka nikamkalia Ibu jikoni. Nikamwambia Mtume mwenyewe alimwoa Bi Maimuna bint Harith katika Dhulqaada, mwaka wa 7 Hijria, akitoka kwenye umra. Na hadithi ya Anas inasema umra zake nne zote zilikuwa Dhulqaada, isipokuwa ile aliyoifanya pamoja na hija. Ungekuwa mwezi wa nuksi angeukimbia. Ibu akaendelea kumenya vitunguu.

"Mtume ni Mtume, Neng. Sisi ni watu wa Singaparna."

Kisha akashusha sauti akaniambia jambo ambalo sebuleni halikutajwa. Baba wa binti hakuwa na pesa. Indonesia mwajiri analazimika kisheria kumlipa mfanyakazi posho ya sikukuu kabla ya Idi ya Mfunguo Mosi, na posho hiyo ndiyo nguo mpya za watoto, nauli za kurudi kijijini, bahasha za wapwa. Hapit inapoingia, hakuna kilichobaki mfukoni. Juu ya hapo kaka yake mkubwa, ambaye ndiye angesimama mbele za wageni, alikuwa kwenye orodha ya mahujaji wa mwaka ule, baada ya kungoja foleni ya miaka na miaka, na ndege za mahujaji huanza kuondoka mwezi huo huo. Kila wiki mtaani kulikuwa na khitma ya kumuaga haji fulani. Wazee wako safarini au wanafunga mizigo, sufuria kubwa zimeazimwa, na mfuko hauna kitu. Mwanamume wa Kisunda hawezi kuwaambia wakwe watarajiwa "sina". Atakufa kwa aibu. Lakini anaweza kusema Hapit, na hakuna atakayemuuliza zaidi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuiona nuksi ya Hapit kama ujinga. Ni adabu. Mwezi unabeba lawama ili mtu asibebe. Kijana aliomba likizo nyingine, harusi ikafungwa Rayagung, kaka mkubwa akapokewa na maji ya zamzam na pilau pamoja. Kama yule mzee angelazimishwa kusema ukweli wake sebuleni, sijui kama harusi ingekuwepo.

Hesabu hizi zina historia yake. Mwaka 1633 Sultan Agung wa Mataram, mfalme wa Java ya Kati, aliamuru kalenda ya zamani ya Saka, iliyopatanisha mwezi na jua, ianze kufuata mwezi peke yake kama ya Kiislamu. Majina ya miezi yakawa ya Kiislamu au mchanganyiko, lakini idadi ya miaka haikurudishwa nyuma: Muharram ya mwaka 1043 Hijria ikawa mwanzo wa mwaka 1555 wa Kijava. Nchi ya milima ya Wasunda, Priangan, wakati huo ilikuwa chini ya Mataram, na mambo mengi ya palintangan, elimu ya kuchagua siku, yana harufu ya huko. Kila siku ya juma ina thamani yake, Jumatano 7, Alhamisi 8, Jumamosi 9, na kila siku ya soko ina yake, Manis 5, Pahing 9, Pon 7, Wage 4, Kaliwon 8. Unajumlisha za bwana, unajumlisha za bibi, unagawanya, unasoma kilichobaki. Ibu alikuwa akipiga hesabu hizo kwa vidole haraka kuliko mimi kwa simu. Bibi yangu Tanga alikuwa na mwalimu wake wa falaki wa kumtumia mtu kabla ya kuhama nyumba au kuanza ujenzi, na Jumatano ya mwisho wa mwezi hakutaka tutoke safari, kwa hiyo mengi ya Bandung hayakunishangaza. Nilichokuwa sijakiona ni familia nzima kukubaliana nayo bila hata mmoja kucheka.

Nilipelekwa pia Kampung Naga, kijiji cha mila kilicho bondeni kando ya mto Ciwulan, njia ya kutoka Garut kwenda Tasikmalaya. Unashuka ngazi ndefu sana, mashamba ya mpunga huku na huku, mpaka kwenye nyumba za mianzi zilizoezekwa nyuzi nyeusi za mnazi-pori, ule unaogemwa sukari, umeme hawataki. Mwaka 1956, wakati wa uasi wa Darul Islam, kundi lililotaka dola ya Kiislamu, kijiji kilichomwa moto pamoja na maandiko ya wazee. Kilichobaki ni kile watu walichokuwa nacho kichwani. Mara sita kwa mwaka hufanya Hajat Sasih, siku ya kuoga mtoni na kufagia kaburi la babu yao: Muharram, Mulud, Jumadil Akhir, Shaabani, Shawwal na Rayagung. Hesabu mwenyewe. Sapar haimo, wala Hapit. Nilimuuliza mwenyeji wetu sababu, akajibu leo ni Jumanne. Jumanne, Jumatano na Jumamosi hawaruhusiwi kuzungumzia asili zao. Tukazungumzia bei ya mchele.

Sasa Sapar yenyewe, maana Hapit ni mambo ya ndoa tu, lakini Sapar ni ya roho. Mwezi mzima unatembewa kwa tahadhari, na kilele chake ni Jumatano ya mwisho, inayoitwa Rebo Wekasan. Wanaoiamini wanasema siku hiyo hushuka balaa 320,000, mgawo wa mwaka mzima kwa mara moja, na ni siku nzito kuliko zote. Idadi hiyo haikutungwa na bibi kizee wa Garut. Imo kwenye vitabu vya Kiarabu vinavyosomwa kwenye pesantren, kikiwemo cha Sheikh Abdul Hamid Quds, mwanachuoni wa Makka, ambaye ameinukuu kutoka kwa walii mmoja wa watu wa kashfu, yaani wanaofunuliwa ya ghaibu. Mahujaji na wanafunzi wa Java waliokaa Makka miaka mingi walirudi na vitabu hivyo pamoja na tende. Hapo ndipo lile neno "mabaki ya ushirikina wa kale" linaponishinda. Mbwa wa Sapar huenda ni wa Kisunda, sawa. Lakini balaa za Jumatano zimepanda meli kutoka Jeddah, zina isnadi yake, zimeandikwa kwa wino.

Siku ya Waislamu huanza machweo, kwa hiyo Jumanne baada ya Magharibi Ibu alinichukua msikitini. Ajengan, ndivyo Wasunda wanavyomwita sheikh wao, alisimama akatuelekeza: rakaa nne, na katika kila rakaa baada ya Fatiha asome mtu Kauthar mara 17, Ikhlasi mara 5, Falaqi na Nasi mara moja moja. Halafu akaongeza kwa msisitizo, na akarudia, kwamba tusinuie "swala ya Safar" wala "swala ya Rebo Wekasan", kwa kuwa swala hiyo haipo katika sheria. Tunuie sunna mutlaka tu, yaani sunna isiyofungwa na siku wala sababu. Watu wakaitikia, wakanyoosha safu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusali kitu na papo hapo kuelezwa kwamba hakipo.

Maelekezo hayo yana ugomvi nyuma yake. Kiai, yaani sheikh, Hasyim Asy'ari, mmoja wa waasisi wa Nahdlatul Ulama, jumuiya iliyoanza 1926 na ambayo kwa kawaida huzitetea mila za vijijini, alikataa swala hiyo maalumu kwa kuwa haina asili. Wafuasi wake wa vijijini hawakutaka kuiacha, wala hawakutaka kumpinga, wakabadilisha nia wakabakisha rakaa. Mji wa Bandung nao ndiko ilikozaliwa Persatuan Islam, yaani Persis, mwaka 1923, na mwalimu wao mashuhuri, Ahmad Hassan, mzaliwa wa Singapore, alizisakama bidaa kwa kalamu bila kuchoka. Shemeji yake Ibu alikuwa Persis. Kila Sapar alikuwa akimtumia Ibu ujumbe ule ule wa hadithi ya Bukhari na Muslim, isemayo hakuna ugonjwa unaojiambukiza wenyewe, hakuna mkosi wa ndege, hakuna bundi, hakuna Safar. Ibu alikuwa akimjibu kwa picha ya ua.

Hadithi hiyo peke yake inaonyesha hofu ni ya zamani kuliko Java. Usingekataza kitu ambacho watu hawana. Wapo waliosema Safar iliyotajwa humo ni mdudu wa tumboni, lakini maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba ni mwezi wenyewe. Miezi mitatu mitukufu hufuatana, Dhulqaada, Dhulhija na Muharram, na vita vilikuwa haramu humo. Safar ikiingia, panga zinatoka alani. Mwarabu wa zamani alikuwa na kila sababu ya kuuchukia mwezi ambao waume na wana walikuwa wanaondoka na wengine hawarudi. Waarabu hao hao walikuwa wakiona Shawwal ni mkosi kwa ndoa, na Bi Aisha anasimulia, kwenye Sahihi Muslim, kwamba Mtume alimwoa katika Shawwal na akaingia kwake katika Shawwal. Je, yupo mke aliyependwa kuliko yeye? Mama huyo alijua kujibu.

Na ajabu zaidi, Jumatano hiyo hiyo ya mwisho ya Safar, ukienda Bangladesh na sehemu za India, ni siku ya furaha. Wanaiita Akhiri Chahar Shamba, na wanasema Mtume, aliyekuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, siku hiyo alipata nafuu akaoga, masahaba wakatoa sadaka kwa furaha. Jumatano moja, mwezi mmoja, Mtume mmoja. Wabengali wanashukuru, Wasunda wanajikinga. Wote wanaoga na wote wanatoa sadaka.

Tuliporudi kutoka msikitini kulikuwa na kazi ya maji. Ajengan anaandika kwenye karatasi aya saba zinazoanza na salamun, kuanzia ile ya Yasini, *salamun qaulan min rabbin rahim*, mpaka ya mwisho ya Laylatul Qadri. Karatasi inatiwa ndani ya maji, watu wa nyumba wanakunywa, na yanayobaki yanamiminwa kwenye tangi la bafuni ili hata asiyejua awe amekingwa. Mtu wa Tanga hapa hahitaji maelezo, kombe ni kombe. Tofauti ni kwamba kwetu mwalimu anaandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na maandishi yanaondoka kwa maji ya marashi bila ubishi. Mwaka ule Ajengan alikuwa na waumini wengi kuliko mkono wake, akaandika karatasi moja, nyingine akatoa fotokopi. Ibu alipata fotokopi. Aliitia kwenye jagi la kioo, tukakaa tunaitazama. Wino wa mashine hauyeyuki. Karatasi ilivimba, ikageuka upande, herufi zikabaki nyeusi tititi kama zilivyotoka dukani. Ibu alikoroga kwa mwiko. Akakoroga tena. Mwisho akaitoa kwa vidole viwili, akaianika kwenye kamba ya vikombe, akavaa viatu akarudi kwa Ajengan usiku ule ule kudai ya mkono. Alipoipata, maji yalibadilika rangi kidogo kama chai iliyokosa majani, tukanywa kwa zamu, mimi nikiwa wa pili baada ya mjukuu wake.

Sehemu ya Sapar ninayoipenda bila masharti iko Cirebon, pwani ya kaskazini, ambako watu wana lugha yao na si Wasunda halisi, ila mkoa ni huo huo na mila zinavuka mpaka kila siku. Mwezi huo wanapika apem, mikate midogo ya unga wa mchele uliochachushwa, ladha karibu kabisa na mkate wa kumimina, wanaichovya kwenye maji ya sukari guru yenye nazi, na wanagawiana mlango kwa mlango. Kuna siku ya kwenda kuoga mto Drajat. Halafu kuna tawurji: watoto wanapita wakiimba kuwatakia wenye nyumba umri mrefu, na mwenye nyumba anarusha sarafu. Katika jumba la Kasepuhan wanaorusha ni watu wa kasri wenyewe. Vurugu yake huwezi kuamini, viatu vinapotea, wajomba wazima wanainama na watoto. Simulizi moja ya hapo inasema ilianza kama sadaka kwa wafuasi wa Sheikh Lemahabang, sufii aliyeuawa kwa hukumu ya mawalii wenzake, waliobaki hawana pa kula. Iwe kweli au isiwe, mji ulioambiwa balaa zinashuka umeamua jibu lake liwe mikate na chenji.

Ningeishia hapo ningewaacha na mwezi mtamu kuliko ulivyo. Kuna jambo la Sapar ambalo lilinikera na bado linanikera, nalo ni watoto. Mtoto aliyezaliwa Sapar anasemwa kuwa mkaidi, hasira karibu, mtu wa kuangaliwa. Mjukuu wa Ibu, yule aliyetangulia kunywa maji, alizaliwa Sapar. Akivunja kikombe, "ndiyo Sapar hiyo." Akikataa kulala, Sapar. Dada yake akivunja kikombe, ni kikombe kimevunjika. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshajifunza, maana siku moja alimpiga mwenzake, akaja kwangu akaniambia kabla sijauliza kwamba yeye ni wa Sapar. Hofu ya Hapit inampunguzia mtu mzima aibu. Hii ya Sapar inamtwika mtoto jina ambalo hakuliomba. Si sawa hata kidogo, na nilimwambia Ibu hivyo, kwa adabu lakini nilimwambia. Wabanjar wa Kalimantan Kusini angalau wana dawa: mtoto wa Safar hupimwa kwenye mizani mbele ya watu, anaombewa dua, na shughuli inakwisha. Jina linafutwa hadharani kama lilivyotolewa.

Na yapo makali zaidi ya hayo, karibu na kwetu. Madagascar, kisiwa kilichokaliwa na watu waliovuka bahari kutoka visiwa hivyo hivyo vya Indonesia, na ambako elimu ya nyota ya Waarabu iliingia zamani, wana mwezi wao mbaya, Alakaosy. Zamani mtoto wa Alakaosy aliweza kulazwa mlangoni mwa zizi la ng'ombe, ng'ombe wakatolewa, akipona ameponea. Rainilaiarivony, aliyezaliwa 1828, wazazi waliambiwa siku yake ni ya mkosi, wakamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto ili kuiondoa nuksi, na akalelewa nje ya nyumba yao. Alikuja kuwa waziri mkuu kuanzia 1864 mpaka 1895, akaoa malkia watatu mmoja baada ya mwingine. Nilimsimulia Ibu habari hiyo nikidhani nimemweza. Akaniuliza mwisho wake ulikuwaje. Nikalazimika kusema Wafaransa waliiteka nchi, wakampeleka uhamishoni Algiers, akafia huko. Ibu akainua nyusi, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Vijana wa Bandung siku hizi wana mawazo yao. Wenye kumbi za harusi wanajua kabisa Hapit ni kiangazi chao. Yule shemeji wa Persis alimwozesha mwanawe katikati ya Hapit kwa makusudi, na mapatano aliyoyapata yalimfanya awe mhubiri wa jambo hilo: ukumbi ulikuwa wazi Jumamosi mchana, mpambaji alishusha bei bila kubembelezwa, mpishi akaongeza sinia la nyama. Ibu alivaa kebaya yake nzuri, blauzi ya sherehe, akaenda, akala, akapiga picha na kila mtu. Aliporudi nikamuuliza harusi ilikuwaje.

"Nzuri," akasema. "Chakula kitamu, na hakuna foleni."

Miezi michache baadaye binti yake wa mwisho akachumbiwa. Shemeji akamtumia namba ya ukumbi na bei zake za Hapit. Ibu akamjibu kwa picha ya ua, na harusi ikafungwa Rayagung, watu wamejazana mpaka barabarani.